CC Haili Mafuta

"Fundi, nataka kuiuza Noah nichukue kagari kadogo ka mjini. Cc ngapi itanifaa, elfu moja au elfu moja mia tatu?"

Swali hili huongezeka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei kikomo za mafuta, na huja kwa maneno yaleyale. Anayeuliza ameshaamua kila kitu: gari la familia liondoke, dogo liingie, gharama ishuke. Kilichobaki kwake ni kuchagua namba, na kwa kuwa kazi yangu ni kukagua na kutengeneza magari, natakiwa nimtajie. Simtajii. Swali lenyewe limekosewa, na nimechoka kulijibu nusunusu pembeni ya boneti huku mwenye gari anaangalia saa. Leo nalijibu lote.

Sina ugomvi na magari madogo. Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, gari dogo ni uamuzi sahihi kabisa. Ugomvi wangu ni na imani moja: kwamba cc ndiyo kipimo cha ulaji wa mafuta, kubwa inakula sana, ndogo inakula kidogo, hesabu imekwisha. Imani hii huenezwa na madalali kwa sababu inarahisisha biashara, na hurudiwa na mafundi ambao kwa kazi yao walipaswa kujua zaidi. Inawafanya watu wauze magari mazima kwa bei ya kutupa, wanunue yasiyowafaa, kisha baada ya miezi michache walalamike kwamba "hiki nacho kinakula".

Cc ni ujazo wa silinda zote za injini, yaani nafasi inayofagiwa na pistoni zikitoka chini kwenda juu. Ni ukubwa wa kikombe. Ukubwa wa kikombe haukuambii mtu amekunywa vikombe vingapi, wala kama kila mara alikijaza. Injini ya cc 1,000 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika ina nafasi ya kuvuta hewa sawasawa na injini ya cc 2,000 inayozunguka mara 2,000, na mafuta huingia kwa kufuata hewa. Kwa hiyo, kabla ya kutamka ipi inakula zaidi, lazima ujue inazungushwa kiasi gani, umekanyaga mafuta kiasi gani, na inasukuma uzito gani. Kwenye kadi ya gari, karibu na mstari wa cc, kuna mstari wa uzito wa gari tupu. Huo ungekusaidia zaidi, lakini sijaona mnunuzi anayeanza kwa kuusoma.

Weka mezani kadi tatu. Ya kwanza ni ya Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,496. Ya pili ni ya Toyota Rush, cc 1,495. Ya tatu ni ya Toyota Prius ya kizazi cha pili, ile iliyoanza kuuzwa 2003, cc 1,496. Injini ya Prius hiyo, 1NZ-FXE, ni ndugu wa tumbo moja na ya IST: kipenyo cha silinda ni milimita 75 na mwendo wa pistoni ni milimita 84.7 kwa zote mbili. Kama cc ndiyo inayokula, lita moja ingepaswa kuisha mahali pamoja kwa magari yote matatu.

Haiishii mahali pamoja hata kidogo. Kwenye foleni za Dar, IST iliyo nzima huenda kilomita 10 hadi 12 kwa lita. Rush ya kuendesha magurudumu yote manne hubaki kwenye 8 hadi 10, kwa kuwa ni nzito zaidi, imeinuka zaidi, na ina vyuma vingi zaidi vya kuzungusha. Prius, yenye uzito wa kilo 1,250 hivi, nzito kuliko zote, huvuka 16 bila shida ikiwa betri yake kubwa ni nzima. Sababu haina uchawi. Foleni ikisimama, injini ya Prius huzima; gari likisogea hatua kumi, husogea kwa mota ya umeme; na kila ukikanyaga breki, sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri badala ya kupotea yote kama joto kwenye pedi. Cc zile zile, kazi tofauti, ulaji tofauti.

Najua jibu linalokuja: hiyo ni haibridi, hesabu yake ni nyingine. Vizuri, haibridi tuiweke kando. Chukua Suzuki Jimny ya JB23, kale kagari ka pembe nne kenye injini ya cc 658. Hiyo ni nusu ya cc za IST ndogo, ambayo ina 1,298. Uzito wa magari haya mawili unakaribiana, karibu na kilo 1,000 kila moja. Kwa imani ya cc, Jimny ingepaswa kutumia nusu ya mafuta ya IST. Ukweli ni kwamba IST ndiyo inayokwenda mbali zaidi kwa lita. Jimny ina umbo la sanduku linalogombana na upepo, ina turbo inayosukuma hewa ya ziada ndani ya hizo cc 658, na gia zake ni fupi kwa ajili ya matope na milima, kiasi kwamba ukifika kilomita 100 kwa saa injini inazunguka kama mara 4,000 kwa dakika. Ni gari zuri kwa kazi yake. Lakini anayelinunua kwa sababu kadi imeandikwa 658, akitegemea kuokoa mafuta kwenye barabara ya Bagamoyo, amesoma mstari usiohusika.

Ushahidi wa mwisho uko kwenye Noah zenyewe, hizo mnazotaka kuziuza. Noah ya zamani, SR40, ina injini ya 3S-FE. Iliyofuata, AZR60, ina 1AZ-FSE, ambayo mafundi wengi wanaiita D4. Zote ni cc 1,998 kamili, kwa sababu silinda zote zina kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa milimita 86. Ya zamani hunyunyiza petroli kwenye njia ya hewa, kabla ya valvu. D4 hunyunyiza ndani ya silinda kwa presha kubwa, na vipimo vya kiwanda viliipa kilomita nyingi zaidi kwa lita. D4 hiyohiyo, nozeli zikichafuka au pampu ya presha ikichoka, itakula kuliko ile ya zamani. Cc zimebaki 1,998 mwanzo hadi mwisho, gari likiwa zima na likiwa bovu.

Imani hii imetoka wapi, basi? Imetoka bandarini. TRA hutoza ushuru wa bidhaa kwa kufuata cc: gari lisilozidi 1,000 halitozwi, la kuanzia hapo hadi 2,000 hutozwa asilimia 5, na la kupita 2,000 asilimia 10. Mpaka 2017 kulikuwa pia na ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, nayo ilipangwa kwa cc. Serikali ikaifuta na kuihamishia kwenye bei ya lita. Kenya nako ushuru wa bidhaa hubadilika gari likivuka cc 1,500. Kwa miaka mingi karatasi za kodi zimemfundisha mwenye gari kwamba cc kubwa ni gharama kubwa, naye akaubeba mfano huo hadi sheli, ambako haufanyi kazi. Sheli haiulizi cc. Na tangu ada ile iingizwe kwenye bei ya mafuta, anayelipa zaidi ni anayechoma lita nyingi, kadi yake isome inavyosoma.

Tena hata bandarini kwenyewe cc si neno la mwisho. Gari dogo la abiria lililovuka miaka 10 tangu litengenezwe huongezewa asilimia 30 kwa sababu ya umri. Anayeagiza Vitz ya cc 996 yenye umri wa miaka 15 amekwepa asilimia 5 ya cc, akalipa asilimia 30 ya umri, na anakuja kunionyesha kadi kwa furaha.

Cc ina haki yake, nami nitaipa. Gari likiwa limesimama injini inaunguruma, injini kubwa hutumia zaidi ya ndogo. Ndogo iliyo nzima hutumia kama nusu lita kwa saa. Ya cc 2,000 hukaribia lita moja, na kiyoyozi huongeza kwa zote. Kwa mtu anayekaa saa mbili kwa siku bila kusogea, tofauti hiyo ipo na inaonekana mwisho wa mwezi. Lakini ni sehemu moja ya hesabu, na watu wameifanya kuwa hesabu nzima.

Mlaji mkubwa wa mjini ni uzito unaoondoshwa tena na tena. Noah ina kilo 1,500 hivi, IST kama 1,000, Passo karibu na 900. Kila tuta, kila kivuko cha wanafunzi, kila daladala inayochomekea mbele yako inakulazimisha usimame, na kila ukiondoka unalipia kuziamsha kilo zote hizo upya. Hapo ndipo gari dogo linapoipiga Noah, na lingeipiga hata kama lingefungwa injini ya cc 1,500. Ndiyo maana ubishi wa IST ya 1,300 na IST ya 1,500 haunisisimui. Bodi ni ileile, uzito unakaribiana, tofauti ya mafuta ni ndogo kiasi kwamba mguu mzito wa dereva unaimeza yote.

Barabara kuu mlaji ni upepo. Noah ina kimo cha mita 1.85 hivi, IST mita 1.53, na ukivuka kilomita 100 kwa saa kila sentimita ya kimo inalipiwa. Anayeweka keria ya mizigo juu ya paa na kuiacha hapo tupu mwaka mzima anaulipia upepo kila siku.

Mlaji wa tatu ni uzembe, na huyu ndiye anayeniudhi kuliko wote kwa sababu dawa yake ni rahisi. Nieleze kwa mfano mmoja. Ililetwa gereji IST ya cc 1,298 inayokwenda kilomita 7 kwa lita. Mwenyewe alikuwa ameshapata mteja wa kuiuzia na ameshaichagua Passo ya kununua. Alitaka tu niipige macho isije ikamwaibisha mbele ya mteja. Nikachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tukatoka nayo barabarani ili injini ipate moto. Haikupata. Joto la maji liligota kwenye nyuzi 62, na kila tukikaza mwendo lilishuka. Tuliporudi nikalegeza bomba la rejeta linapoingia kwenye injini, nikatoa kifuniko, nikamwonyesha nafasi ikiwa tupu. Thamostati haikuwepo.

"Fundi wangu aliitoa mwaka juzi, kaka. Alisema ndiyo inayochemsha gari."

Thamostati ya injini hiyo hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo huyazuia maji yasipite kwenye rejeta, ili injini ipate joto lake la kazi upesi. Ukiitoa, maji huzunguka kwenye rejeta muda wote, injini inabaki baridi, na kompyuta inaendelea kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa alfajiri ile. Oili nayo haifikii wepesi wake. Gari linalochemka lina ugonjwa mwingine: rejeta imeziba, feni haiwaki, pampu ya maji imechoka, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Kutoa thamostati hakutibu hata mmoja. Kunaficha dalili na kumwachia mwenye gari bili ya mafuta.

Tukarudisha thamostati. Tukabadilisha sensa ya oksijeni iliyokuwa imekufa, tukafunga plagi za namba inayotakiwa, tukasafisha kichujio cha hewa, tukaachia breki ya nyuma iliyokuwa inashika, tukajaza tairi upepo kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari likarudi kwenye kilomita 11 kwa lita. Cc zake zilikuwa 1,298 siku lilipoingia na 1,298 siku lilipotoka. Huyu bwana angenunua Passo, angeipeleka kwa fundi yuleyule, na thamostati ya Passo nayo ingetolewa.

Sasa pesa, maana ndiyo iliyowaleta wote kwenye swali. Tuifanye bei ya petroli kuwa shilingi 3,000 kwa lita kwa wepesi wa hesabu. Mtu anayekaa kilomita 25 kutoka kazini, kwenda na kurudi siku 22, anatembea kilomita 1,100 kwa mwezi. Noah inayokwenda kilomita 8 kwa lita inamla lita 137 na nusu, yaani shilingi 412,500. IST inayokwenda 11 inamla lita 100, shilingi 300,000. Ameokoa 112,500 kwa mwezi. Akishuka tena hadi Passo inayokwenda 13, anatumia kama 254,000, yaani ameongeza akiba ya 46,000 hivi.

Ondoa gharama za kubadilisha. Dalali ana chake. Uhamisho wa umiliki una ada na ushuru wa stempu. Mteja wa Noah anakushusha bei kwa sababu anajua una haraka. Gari utakalonunua litataka oili, pedi za breki, pengine tairi, kabla halijakufikisha kazini kwa amani. Vikifika shilingi milioni 2 kwa jumla, na hufika upesi, mtu wa kilomita 1,100 atazirudisha baada ya miezi 18. Huyo abadilishe, nitamuunga mkono. Lakini mwenzake anayetembea kilomita 400 kwa mwezi, kwa magari yaleyale, anaokoa shilingi 41,000 hivi tu. Atakaa miaka minne akirudisha milioni 2 zake, na kabla haijatimia ataanza kutamani gari jingine. Huyo angebaki na Noah yake. Cc za magari ni zilezile kwa wote wawili. Kilichotofautiana ni kilomita. Namba ya kwanza ninayoitaka kutoka kwako ni hiyo, na wengi wanaonijia hawaijui.

Kuna mtego mwingine hapo. Watu huona kupanda kutoka kilomita 6 hadi 8 kwa lita ni sawa na kupanda kutoka 12 hadi 14, kwa kuwa zote ni nyongeza ya kilomita mbili. Piga hesabu kwa kilomita 1,000. Kutoka 6 hadi 8 unaokoa lita 42 hivi. Kutoka 12 hadi 14 unaokoa lita 12. Pesa nyingi iko kwenye kuachana na gari linalokula sana, au kulitibu. Ukishafika kwenye magari madogo, ubishi wa lipi linazidi jingine ni wa pesa ndogo, na hapo angalia mambo mengine: spea zinapatikana, mikanda ya nyuma inafanya kazi, mifuko ya hewa ipo, kiti cha mtoto kinafungika.

La mwisho kabla ya ushauri ni watu. Japani, uzito wa gari lililojaa abiria huhesabiwa kwa kilo 55 kwa kila mtu. Gari dogo la watu watano limepangiwa kilo 275. Baba ana kilo 85, mama 75, vijana wawili 60 kila mmoja, bibi 70: hao ni kilo 350, na bado hujapakia begi hata moja, wala gunia la mchele, wala ndoo ya mafuta ya kupikia ya kupeleka nyumbani. Ukilipandisha gari hilo Kitonga kwenda Iringa Desemba, injini ya cc 996 yenye nguvu za farasi 70 hivi itapiga resi kwenye gia ya pili mlima mzima, na kile kikombe kidogo kitajazwa mara nyingi mno. Breki za kuteremkia nazo zilipimwa kwa mzigo mdogo kuliko huo. Kama familia yako husafiri hivyo mara kwa mara, gari dogo halitakuokolea kitu, na litakuweka hatarini.

Sasa la kufanya.

Pima kwanza. Jaza tenki mpaka bomba lijikate lenyewe, rudisha tripu kwenye sifuri, endesha kama kawaida yako, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile, ujaze tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Rudia mwezi mzima. Usitegemee taa ya tenki, wala maneno ya jirani.

Noah ikiwa chini ya 7 mjini, ni mgonjwa. Itibu kabla ya kuiuza. Anza na thamostati, sensa ya oksijeni, plagi, kichujio cha hewa, breki zinazoshika, upepo wa tairi.

Ukitembea chini ya kilomita 500 kwa mwezi, au viti vya nyuma vina watu kila siku, baki na gari lako.

Ukiwa peke yako garini, foleni kila siku, kilomita 1,000 na zaidi, shuka: IST, Vitz, Passo au Demio, lolote lililo zima zaidi siku hiyo. Chagua uzima, usichague cc.

Familia ni kubwa ila unataka nafuu? Toyota Sienta ina viti saba na injini ya cc 1,496. Raum na Spacio nazo zinastahili kutazamwa.

Haibridi ni jibu zuri la foleni, kwa sharti moja: betri kubwa ipimwe kwa mashine, sehemu moja baada ya nyingine, kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa ipimwe, ondoka.

Magari mawili, dogo la kazini na kubwa la safari, yanalipa kwa mwenye nafasi ya kuyaegesha na uwezo wa bima mbili. Gari linalolala miezi miwili huua betri na kukausha tairi.

Kama unaishi na kufanya kazi kando ya njia ya mwendokasi, hesabu nauli ya mwezi kabla ya kuhesabu gari lolote.

Na ukishachagua dogo: linyanyue kwenye lifti, tazama chini kama lina kutu au limeungwa, soma kompyuta, iwashe injini ikiwa baridi, omba karatasi ya mnada kama limeagizwa, na linganisha kilomita zake na uchakavu wa pedali na usukani, maana kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya dakika chache. Kama giaboksi ni ya CVT, hakikisha inawekwa oili yake yenyewe. Mlipe fundi asiyejuana na muuzaji. Gharama ya ukaguzi ni ndogo.

Nikikuta tena mtu anauliza cc ngapi, nitamuuliza mambo manne: unatembea kilomita ngapi kwa mwezi, gari lako linakwenda kilomita ngapi kwa lita, nani hupanda, na nani hulitengeneza. Mwenye majibu hayo manne hahitaji nimtajie namba. Asiye nayo asiuze gari lake bado.